Gari la Kijivu Halikubali Kuwa la Pili

Kiti cha dereva cha gari la kijivu kilikuwa na joto. Fundi alikigusa mara ya pili kwa kiganja. Gereji ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa, na injini ilikuwa baridi. Akapuuza, kwa kuwa kazi ilimngoja.

Mteja wake wa tangu miaka ishirini iliyopita, daktari wa meno mwenye wazimu wa magari ya kale, alikuwa amemletea mawili ayalinganishe kabla ya kununua moja. Yote yalikuwa ya mbio, ya viti viwili, yaliyoundwa Ulaya miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, na ya aina hiyo yaliyobaki duniani ni ya kutafuta kwa tochi. Jekundu lilitoka Italia: bodi ya alumini, chesisi iliyonyooka, injini yake ya kuzaliwa nayo. La kijivu lilitoka Uingereza. Lilikuwa zuri la kumsimamisha mtu njiani, lakini chini ya rangi mbao za fremu zilikuwa zimeoza, na injini haikuwa yake.

Mke wa fundi, ambaye kazi yake ni kushona viti vya magari, aliingia kwenye la kijivu kukagua ngozi. Alikaa humo kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mumewe alipomtoa alikuwa ananuka udongo wa kaburi jipya, na aliapa kwamba ameketi dakika tano tu.

Jioni ile fundi akaandika ripoti. Alipofika kwenye maneno "jekundu ni bora", mkewe alishika koo, pumzi ikakatika. Akaiacha kalamu, pumzi ikarudi. Hospitali walimpima wasione kitu. Kila mara fundi alipojaribu kuimalizia ile ripoti mkewe alianguka, na kila alipoanguka alichelewa zaidi kuinuka, hata ikafika siku ya tisa hali wala hanywi, amelala ameukodolea macho ukuta unaopakana na gereji, na nyuma ya ukuta huo, mchana kweupe, kitu kikawa kinakwaruza bati polepole, kinanyamaza, kinakwaruza tena, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuvaa.

Ndipo akamwita shangazi yake, mtibabu wa wenye majini. Shangazi alifukiza, akauliza aliyemo anataka nini. Sauti iliyotoka kinywani mwa mgonjwa ilikuwa nzito na ya upole.

"Nimelinganishwa. Sikubali kuwa wa pili."

Shangazi alimvuta fundi kando. "Usimpe anachotaka, mwanangu. Ukimsifu atamwandama atakayelinunua. Nipe siku saba nimtoe."

"Hana siku saba, shangazi."

Shangazi alimtazama mgonjwa, akaanza kukusanya vyetezo vyake.

Fundi aliandika kwamba la kijivu ni bora kwa kila hali. Aliikandamiza kalamu hata nukta ikatoboa karatasi. Mkewe akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Daktari wa meno aliisoma ripoti, hakuuliza hata swali moja. Alilichukua gari kesho yake, akimshukuru.

Wiki haijaisha, akapiga simu. Alisema mkewe amelipenda ajabu, anataka kulipeleka safari ndefu, yeye na binti yao.

"Nataka kauli yako tu, fundi. Ni salama?"

Fundi alimtazama mkewe akila uji kwa mikono yake mwenyewe, kijiko baada ya kijiko.

"Ni salama," akasema.