Pipa la Wifi Halima

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na moja na ninaishi Miyuji, hapa hapa Dodoma. Mtaani wananisifu kwa ukarimu, eti kwa Mama Zuhura mgeni hakosi chai. Wakisema hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze! Kuna chai moja niliyoipika zama zile biashara huria inaanza, mpaka leo imenikaa kooni.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mfanyakazi wa reli. Safari moja ya Mwanza alirudi na ndoo yenye kamba wadogo wa ziwani, wale wa maji baridi, wembamba, unawaona mpaka ndani. Akawatengenezea tangi la kioo, akatia mchanga, mawe na majani ya majini. Mtaa mzima ulicheka. Nani anafuga mboga? Yeye na mkewe, wifi yangu Halima, hawakujali. Kisha mdogo wangu akafariki... Halima akabaki na binti mdogo, Asha, na wale kamba.

Msiba haujapoa, shirika alilofanyia kazi Halima likapunguza watu, naye akawamo. Siku zile kila mtu alihangaika, huyu mitumba, yule maandazi. Halima akawageukia kamba wake, maana walikuwa wanazaana kweli kweli! Majike walibeba mayai chini ya tumbo, na vitoto vikitoka ni vidoa tu vinavyorukaruka kwenye majani. Tajiri mmoja aliyekuwa anamalizia kujenga hoteli mjini aliwaona, akawapenda. Akamwahidi Halima kazi ya kudumu: alete kamba wake, awatunze kwenye matangi ya kioo pale mapokezi. Akiikosa kazi hiyo, ingembidi arudi kwao Busi, Kondoa, kulima.

Shida ilikuwa maji. Wenzangu wa Dodoma mnayajua maji yetu ya kisima, sabuni haitoi povu na chai ya maziwa inakatika. Kamba wale walishazoea maji laini, na ukiwabadilishia ghafla wanashindwa kujivua gamba, wanakufa. Kwa hiyo Halima alikinga maji ya mvua kwenye pipa lenye mfuniko, akawa anawaongezea kidogo kidogo kwa kopo kiangazi chote.

Kiangazi hicho mama yake akaugua. Alipoondoka na Asha kwenda Busi, alinikabidhi ufunguo.

"Wifi, usiwape chakula kingi. Na pipa nakuomba lisiguswe, sina maji mengine mpaka mvua zije."

"Nenda wifi, hao ni kamba wa mdogo wangu. Nitawatupaje?" nikamjibu.

Hayupo, wakaja watu kumposa binti yangu Zuhura. Watu wenye heshima zao! Maji yangu ya mvua yalishakwisha zamani. Niwape chai iliyokatika? Wangesema nini huko kwao? Nikachota ndoo moja kwenye pipa la Halima, ikawa chai. Nikachota nyingine ya wali. Zuhura naye akataka ya kuoshea nywele... Chai ilisifiwa, jamani! Mshenga alirudia kikombe, nami nikajiona mwanamke kuliko wote Miyuji.

Wageni walipoondoka nikafunua pipa, nikakiona kitako chake. Nikaingiwa na hofu. Nikajaza maji ya kisima mpaka pale pale yalipokuwa mwanzo, nikarudisha mfuniko. Maji ni maji, nikajiambia.

Halima alirudi amechoka lakini ana furaha, mama yake amepata nafuu. Kwenye tangi maji yalikuwa yamepungua kwa joto na kuchafuka, na tajiri alishatuma salamu kwamba anakuja kesho yake kuwaona kamba. Halima akaamua kutoa maji machafu na kutia mengi mapya. Nilikuwepo, wasomaji! Mimi ndiye niliyemchotea kwenye pipa, nikampa kopo mkononi, yeye akamimina taratibu asiwashtue. Ulimi wangu ulikuwa wapi? Niliogopa aibu ya ndoo chache za maji!

Asubuhi wakawa wamelala ubavu, wamegeuka rangi kama waliopikwa, majike na mayai yao tumboni. Tajiri alichungulia, akasikitika, akasema hataki viumbe vya kufia mbele ya wageni wake. Na aliyewaleta kutoka Mwanza alikuwa kaburini...

Halima alitazama mikono yake.

"Nimewaua mwenyewe, wifi. Nimewaua kwa mikono hii."

Akalia, na mimi nikamkumbatia, nikamwambia ni mipango ya Mungu. Nilimsingizia Mungu ili nijifiche mimi! Haukupita muda akafunga virago, akarudi Busi kushika jembe.

Miaka ikapita. Asha akajifungua mtoto wake wa kwanza, nikaenda Busi kumwona. Nikakuta jirani ndiye anayemwogesha mtoto. Nikashangaa, mbona bibi yake yupo?

"Mkono wangu si wa kushika kitu kichanga, wifi," Halima akasema bila kuinua uso. "Tangu wale kamba, hata vifaranga sifugi."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, posa, pipa, maji ya kisima. Nilisubiri matusi. Nilitamani anitukane! Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na chai waliipenda?"

Nikasema waliipenda.

Akanyanyuka, akanawa mikono, akaenda kumpokea mjukuu wake mikononi mwa jirani. Tangu siku ile hajaniita wifi tena. Ananiita Mama Zuhura, kama wapita njia wanavyoniita.

Wasomaji, ningesema siku ile kopo likiwa bado mkononi mwangu, Halima angenifokea, angeninunia, tungezunguka mtaa mzima kuomba maji ya mvua, mambo yakaisha. Nilinyamaza, yeye akaishi miaka yote hiyo akiiogopa mikono yake mwenyewe. Nawasihi, ukiharibu kitu cha mwenzako, mwambie kabla hajakitumia. Usimwache abebe kosa lako akidhani ni lake! Mimi nilichelewa, na sasa mgeni akiisifu chai yangu huwa nakimbilia jikoni, nikiulizwa mbona macho yana machozi, nasingizia moshi.