Shuka la Fundi Saa

Kila Jumamosi asubuhi Mama Sabuni na wenzake walipita nyumba hadi nyumba na mabeseni yao. Waliwafulia wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Kazi hiyo si ya mtu mwenye kinyaa. Kikundi kilianza na wanawake wengi, kikabaki na watatu tu. Sabuni nayo ilikuwa haikai.

Mumewe, fundi baiskeli, alimshauri afungue ukurasa kwenye mtandao. Mama Sabuni akafungua. Akaweka picha za maua na maneno ya "Asubuhi njema". Waliomfuata walikuwa dada zake na mumewe, ambaye alipenda kila picha bila hata kuitazama.

"Maua kila mtu anayo," mumewe alimwambia. "Watu wanataka cha kuwaumiza moyo."

Jumamosi iliyofuata walikuwa kwa Fundi Saa, mzee aliyepooza upande mmoja. Enzi zake alitengeneza saa za mtaa mzima, na hakutoka nje bila shati lililopigwa pasi. Siku hiyo alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, juu ya shuka lililochafuka. Mama Sabuni alitoa simu, akampiga picha. Akaiposti na kuandika, "Tumsaidie baba yetu huyu."

Kufikia jioni wafuasi walikuwa wamefurika. Waliandika pole, waliandika maskini, wakashea. Mama Sabuni alifurahi, tusifichane. Lakini wiki ikaisha bila mtu kuleta hata kipande cha sabuni.

Aliporudi kwa Fundi Saa, dada wa mzee alisimama mlangoni. Alikuwa bibi wa mgongo uliopinda, asiyeweza kukamua hata taulo.

"Kaka amesema msiingie," alisema. "Binti yake ameiona picha huko aliko, amepiga simu analia. Kaka anasema heri alale kwenye uchafu wake kuliko kuanikwa tena."

Sauti ya mzee ikatoka chumbani, nzito, ya taratibu.

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ulikuwa kata yangu, mwanangu."

Mama Sabuni alirudi nyumbani amevunjika moyo. Alijua mzee amelala kwenye unyevu, na kwamba ngozi ya mgongo wake itaanza kuchubuka. Alijua pia ni nani aliyesababisha.

Akaenda kwa jirani yake, mpiga picha. Mama huyo aliendesha kurasa za maduka na za vikundi vya kusaidia watu. Aliitazama ile picha, kisha akamwambia aifute hapo hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, lakini si sababu ya kuendelea kuyamwaga.

"Nikuulize, shoga. Hawa waliokufuata wanajua mnafulia wapi?"

"Hapana."

"Wanajua mmepungukiwa na nini?"

"Nimeandika wamsaidie."

"Wamsaidie kwa kitu gani, na wakilete wapi? Umewapa machozi, hukuwapa kazi. Mtu akishalia anaona amemaliza."

Akamweleza polepole. Mfuasi si mtu wa kuja kushangaa, ni jirani ambaye bado hamjaonana. Aonyeshwe kazi yenyewe: mikono, povu, mashuka juani. Aambiwe siku, mahali na kinachohitajika. Akiuliza, ajibiwe. Akileta kitu, aonyeshwe kilivyotumika, maana hata mwenye duka hufanya hivyo ili mteja arudi. Na uso wa mtu hauwekwi mpaka aulizwe akiwa macho. Akikataa, afuliwe vilevile.

Jioni hiyo Mama Sabuni aliandika kwenye ukurasa kwamba alimpiga mzee picha bila ruhusa, kwamba amekosa, na kwamba kila aliyeishea aifute. Wengi wakaacha kumfuata. Iliuma, lakini hakuyafuta maneno yake.

Kisha akaweka picha nyingine, mikono yake tu ndani ya povu. "Jumamosi asubuhi tunayafulia mashuka ya wagonjwa nyuma ya zahanati. Tunahitaji sabuni za mche na watu wa kukamua." Kinyozi mmoja akauliza kama wanaume wanaruhusiwa. Akamjibu kwamba shuka likilowa halichagui mikono. Jumamosi kinyozi alikuja na sabuni, pamoja na mke wake. Mama Sabuni akaomba ruhusa ya wenye mashuka, akaposti picha ya kamba iliyojaa mashuka waliyoyafua. Wiki iliyofuata wakaja wengine.

Binti wa Fundi Saa naye aliyasoma yale maneno ya kuomba radhi. Akampigia baba yake, wakazungumza kwa muda mrefu. Kesho yake bibi wa mgongo uliopinda alikuja mwenyewe kumwita Mama Sabuni.

Alimkuta mzee ameugeukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa umeanza kuchubuka. Mama Sabuni aliomba msamaha kwa sauti ndogo. Alimwosha, akamtandikia, akatoka uani kufua. Shuka alilisugua hadi likarudia weupe wake, akalianika mbele ya dirisha la chumba.

Alipoingia kuaga, mzee alikuwa amegeuka. Alikuwa akilitazama shuka.

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, baba."

"Kailete. Ulipige picha hilo shuka, mimi uniache. Na uandike ni la Fundi Saa. Lile chafu walishaliona, waone na hili."