Nafasi ya Vidole Viwili

Zephaniah ni seremala wa Agakiriro, soko la mafundi kule Gisozi. Asubuhi anafungua karakana, anafagia maranda ya jana, anasalimiana na wachomeleaji wa jirani. Kisha anakunywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya mkewe, Kabagwira. Kabagwira ndiye anayepiga msasa na kupaka vanishi. Wakibishana, Kabagwira hushinda, na Zephaniah hukubali haraka ili kazi iendelee.

Siku hizi wana kompyuta karakanani, maana wateja wengi wanataka barua pepe. Chama chao cha mafundi kiliwafundisha kutumia programu ya kuandikia yenye nyongeza. Nyongeza ni programu ndogo inayowekwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea kazi. Hii yao hupamba barua. Ukitaka neno liwe zito, unaweka nyota mbili mbele yake na mbili nyuma yake. Ukitaka jedwali, unatenganisha safu kwa vijiti vilivyosimama. Ukimaliza, unabonyeza kitufe cha Geuza. Nyota na vijiti vinatoweka, neno linakuwa zito, na jedwali linatokea limenyooka kama ubao uliorandwa.

Mwezi huu shule moja ya chekechea ya Kinyinya ilitaka viti arobaini na meza kumi. Mwalimu mkuu, Bi Umuhoza, aliomba vipimo vya kila kitu katika jedwali, ili aone kama miguu ya watoto itagusa sakafu. Zephaniah hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo, na aliitaka sana. Aliandika barua mchana mzima huku akiimba. Akabonyeza Geuza, akaituma bila kuitazama tena.

Kesho yake asubuhi jibu likaja. Bi Umuhoza alisema barua imefika, lakini imejaa nyota na vijiti, na vipimo haelewi hata kimoja. Aliomba itumwe upya kabla ya saa tisa, kwa sababu jioni ile ile kamati ya shule ingechagua fundi.

Wimbo uliisha. Zephaniah alibonyeza Geuza mara sita. Alizima kompyuta, akaiwasha. Aliiondoa nyongeza na kuiweka upya. Alibadilisha ukubwa wa herufi, akahamisha meza nzima karibu na dirisha eti mtandao uingie vizuri. Ilipofika saa sita alikuwa amebadilisha kila kitu, na barua ilikuwa bado na nyota zake, imekaa ndani ya kisanduku cha kijivu. Aliona aibu, na aliogopa.

"Hii mashini iko na shida," alisema. "Tutafute ingine."

"Ni hii hii niliandikia barua ya vanishi Jumatatu, ikatoka vizuri," alisema Kabagwira. "Labda inanipenda mimi."

Zephaniah hakucheka. Kabagwira alimwonea huruma, akavuka njia kumwita Kaliza.

Kaliza ni fundi wa kompyuta. Alikulia Kampala, na sasa chumba chake cha kazi kinatazamana na karakana yao. Alikuja, akasalimia, akakaa juu ya kigoda. Hakugusa kompyuta. Kwanza aliuliza Zephaniah amebadilisha nini. Zephaniah akajibu kwamba amebadilisha vyote.

"Mzee, droo ikigoma kuingia, unaranda pande zote mara moja?" aliuliza Kaliza.

"Oya, hapana. Naranda upande moja, halafu najaribu."

"Na hapa iko vile vile. Badilisha kitu moja, ujaribu. Na ukijaribu, usimtumie mteja. Jitumie mwenyewe kwanza."

Kaliza akamwomba Kabagwira aandike mstari mmoja wenye neno moja la nyota, abonyeze Geuza, na autume kwenye anwani yao wenyewe. Ukafika vizuri, neno limekuwa zito. Basi nyongeza ilikuwa nzima, na mtandao ulikuwa mzima. Kabagwira alimtazama mumewe kwa madaha.

Kisha Kaliza akamwambia Zephaniah aandike mstari ule ule. Nyota zikabaki. Kaliza akamwomba aandike tena, polepole, na safari hii alitazama mikono ya mzee badala ya kioo cha kompyuta. Zephaniah aliweka vidole viwili kwenye ukingo wa kioo, kama anayepima mbao. Akabonyeza kitufe cha nafasi mara nne. Ndipo akaanza kuandika.

"Hizo vidole ni za nini?" aliuliza Kaliza.

Zephaniah akaeleza. Alisomea Karagwe, Tanzania. Mwalimu wake wa darasa la nne alisema kwamba aya isiyoanza na nafasi ya vidole viwili ni sawa na mgeni anayeingia bila kupiga hodi. Kwenye kioo hiki vidole viwili ni nafasi nne. Alikuwa amepima. Na kwa kuwa Bi Umuhoza ni mwalimu mkuu, kila mstari wa jedwali nao alikuwa ameupa heshima yake.

Kaliza alitabasamu. Alisema nyongeza ina sheria yake. Mstari ukianza na nafasi nne au zaidi, inadhani unataka maandishi yabaki kama yalivyo. Basi inayaweka katika kisanduku cha kijivu na kuziacha nyota hapo hapo.

"Haijaharibika, Mzee," alisema. "Inakutii."

Kabagwira alicheka mpaka akashika benchi. Zephaniah alijaribu kununa, akashindwa, akacheka naye.

Akafuta nafasi zote. Kati ya aya na aya akaacha mstari mmoja mtupu. Akabonyeza Geuza, akajitumia barua, akaifungua kwenye simu ya Kabagwira ili aone kama huko nako inasomeka. Jedwali lilikuwa limenyooka. Saa nane na nusu barua ilikwenda Kinyinya. Kaliza akachukua kipande cha mbao na penseli ya seremala, akaandika: Badilisha kimoja, jaribu, jitumie kwanza. Zephaniah akakipigilia misumari juu ya kompyuta.

Asubuhi iliyofuata Bi Umuhoza alikuja mwenyewe karakanani. Alisema jedwali lilisomwa mbele ya kamati na kila mtu alielewa. Akawapa barua ya kuwakubali, aliyoiandika kwa mkono. Kabagwira alipiga vigelegele, na wachomeleaji wakaja kuuliza kuna nini.

Zephaniah aliishika ile barua kwa muda mrefu. Kisha akaweka vidole viwili pembeni mwa karatasi, mwanzoni mwa aya ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Nafasi ilitosha vidole vyake sawasawa.

"Mama Gatera," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "huyu alifundishwa."

Akaomba karatasi na kalamu, akaketi kuandika jibu. Safari hii alipima kila aya, na hakuna aliyemkataza.