Sikio la Madaftari Matatu

Kwenye kompyuta Akaliza alifuta wavu namba 7, uliochanika, na printa ikachapa kama ilivyotakiwa: Namba 7 imeondoka. Ila ilichapa mara tatu.

Alikuwa amerudi Gisenyi kutoka Tanzania na ujuzi wake wa kompyuta, na mwaka huo wa 1999 ushirika wa wavuvi ulimpa kazi ya kuingiza madaftari matatu: wavuvi, mitumbwi, nyavu. Kila daftari lilitaka msikilizaji wake, kiprogramu cha kutega sikio na kuchapa taarifa kitu kikifutwa. Uvivu ukamshika. Akaandika mmoja tu, akampa yote matatu. Huyo ndiye aliyetangulia kuingia kwenye mashine, akapata namba 1. Upande wa wavuvi, namba 1 alimpa mumewe Kimenyi, kwa mahaba tu.

Jioni mtumbwi namba 7 ulizama gatini, maji yakiwa shwari. Asubuhi mzee Eliezer, mvuvi namba 7, hakuamka.

Akaliza alimshuku Nzeyimana, mlinzi, mwenye ufunguo wa ofisi.

"Umechezea mashine?"

"Hapana, dada! Mi naogopa hata kuipita. Iko na harufu, kama mayai ya kuoza. Na inapumua, bon Dieu, nasikia!"

Hakumwamini, mpaka alipobaki peke yake mchana mweupe, akaisikia pumzi ile nyuma ya kioo cha kompyuta, ndefu, ya mtu anayetega sikio na hataki kujulikana, na alipozuia pumzi yake, ile nayo ikazuiwa.

Akamleta Muhamadi, mganga. Alisoma dua, akafukiza ubani, akanong'ona:

"Ulimuambia asikie namba, lakini hukumuambia ni namba ya nani. Kwake wavu na mutu ni kitu moja. Jini amekaa mu hiyo sikio. Muondoe, mama, leo."

Akaliza akamfuta msikilizaji. Harufu ikakatika. Alicheka, mara ya kwanza wiki ile, na kicheko kilikuwa bado mdomoni printa ilipoanza kulia.

Namba 1 imeondoka.

Namba 1 imeondoka.

Hakungoja mstari wa tatu. Alikimbia mpaka nyumbani, ambako Kimenyi alikuwa amelala tangu aliporudi ziwani alfajiri, shuka limemfunika mpaka usoni, na viatu vyake viko pale pale mlangoni.

"Kimenyi," aliita kwa sauti ndogo.

Aliita mara tatu.