Kisasi cha Sehemu ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Randa alimfunga baba yake vifungo vya shati. Baba alikuwa seremala, na jina hilo la utani la Randa, chombo cha kulainishia mbao, alimpa yeye. Tangu msumeno wa mashine ulipomkata vidole vinne vya mkono wa kulia, hakushika tena kazi.

"Taratibu, mama, usininyonge," baba alitania. Randa hakucheka.

Kinga ya msumeno ilikuwa imeondolewa na msimamizi wa kiwanda alikofanya kazi baba, ili kazi iende mbio. Baada ya ajali alisema, "Ni uzembe wake mwenyewe," na mambo yakaishia hapo. Binti wa msimamizi alikaa dawati moja na Randa. Wenzao walimwita Filimbi, kwa sababu alikuwa na pumu na kifua chake kilipiga mluzi.

Muhula ule darasa lilisoma tamthilia ya kale ya kisasi. Nakala ilikuwa moja tu, kwa hiyo mwalimu aliikata kwa wembe sehemu tano, akazishona kwa uzi na kuyagawia makundi. Ijumaa kila kundi lingesoma sehemu yake mbele ya wenzao. Kundi la Randa lilipata ya tatu, ambamo kijana aliyeuliwa kaka yake na mkuu wa ngome anamwapia mkuu huyo: "Utalia kama nilivyolia, na machozi yako yatatoka kwa mwanao."

Randa aliyasoma maneno hayo mpaka yakamkaa kichwani. Mwisho wa hadithi hakuujua, wala hakuuliza.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, alichukua dawa ya kuvuta kutoka kwenye mkoba wa Filimbi, akaitia mfukoni. "Abanwe kidogo tu," alijiambia. "Baba yake naye aonje."

Kundi la Filimbi lilisoma la mwisho. Kijana yule alikuwa amemuua mtoto wa mkuu wa ngome. Mkuu naye akamuua mama wa kijana. Filimbi alisoma maneno ya kijana huyo, aliyebaki peke yake kati ya maiti: "Kisasi nimelipa. Mbona kaka yangu hajarudi?"

Hapo pumzi ikamkwama.

"Usiigize sana, bwana, bado hujafa!" mvulana mmoja alimtania. Darasa likacheka.

Filimbi alipekua mkoba, akaumwaga wote sakafuni. Midomo ilianza kubadilika rangi. Randa aliinuka akilia, dawa mkononi.

"Ninayo mimi! Niliichukua mimi!"

Filimbi alivuta dawa mara ya kwanza, mara ya pili. Ilichukua muda mrefu kifua kutulia. Mwalimu alimwangalia Randa, kisha vile vipande vya kitabu.

"Umefanya kosa kubwa," alisema. "Nami nina langu. Kitabu cha namna hii hakisomwi vipande vipande."

Jioni Randa alimweleza baba kila kitu. Baba hakugomba. Alimshika mkono wakaenda kwa kina Filimbi.

"Nisamehe," Randa alisema.

"Nimesikia," Filimbi alijibu. Msimamizi aliutazama mkono wa baba, akainamisha macho, akafunga mlango.

Njiani Randa alilia, na baba hakumnyamazisha.

"Vidole vyangu havitaota, mwanangu," alisema mwishowe. "Na yule bwana huenda asikiri kamwe. Jumatatu nitapeleka malalamiko ofisi ya kazi. Wasiponisikiliza, nitarudi tena. Hiyo ndiyo njia yangu, na ni ndefu. Lakini mtoto yule hakuugusa msumeno. Ukimwadhibu asiye na kosa, jeraha langu haliponi. Unaongeza la pili. Haki nitaidai mimi, kwa mwenye kosa. Wewe nilindie kitu kimoja tu: nisije nikampoteza na binti yangu."