Aliyeitikia Kwenye Kona ya Kilema

Ilianza harufu ya mbege, pombe ya ndizi, iliyochacha, na ndani ya ambulensi hakukuwa na mtu aliyekunywa chochote tangu asubuhi. Nesi Dominika hakuijali. Alikuwa amepiga magoti, anakandamiza kifua cha Primus, mdogo wake wa pekee, aliyegongwa na lori la ndizi hapo kwenye kona ya Kilema. Damu ameshaiziba, lakini moyo umesimama, na ukungu wa mchana umefunga barabara yote, gari haliwezi kusogea.

"Ishirini na tisa, thelathini." Akampa pumzi mbili, akaanza upya. "Moja, mbili..."

"Thelathini na moja," ilisema sauti nje ya bati la gari, kwa upole.

Filemon, dereva, mwenyeji wa Kilema hiyohiyo, aligeuka taratibu. "Dada, usijibu. Hapa wamekufa watu, na hakuna mzee aliyeleta jani la isale kuwaomba radhi. Na tafadhali, usimwite mgonjwa kwa jina, asije akaitika mwingine."

Mwiko huo Dominika aliujua tangu utoto kwa bibi yake. Lakini mikono ilishakufa ganzi, jasho linamwingia machoni, na kila akihesabu yule wa nje anahesabu naye, sasa yuko dirishani, sasa yuko mlangoni, na uso wa Primus unazidi kuwa wa majivu, na mama yao yuko nyumbani anamsubiri mwanawe aje kula. Uchungu wa ndugu, jamani. Ulimi ukamponyoka.

"Primus, mdogo wangu, rudi nyumbani!"

"Naam, dada," ikaitika sauti ya mlangoni.

Kifua kikainuka chini ya viganja vyake. Alilia kwa furaha, Mungu amsamehe.

Primus akapona. Mama yao, Elinipendo, akachinja mbuzi, majirani wakala wakashiba. Wiki ya pili alimvuta Dominika nyuma ya zizi, akanong'ona, "Mdogo wako hajawahi kuonja pombe. Mbona ananuka mbege? Na usiku halali usingizi. Anakaa kitandani anahesabu, kuanzia thelathini na moja."



Jumatatu ambulensi ilipita tena ile kona, na majeruhi mwingine ambaye moyo wake umesimama. Kutoka kwenye mibuni chini ya barabara ikaja sauti changa, iliyochoka, sauti ya mtoto aliyembembeleza yeye mwenyewe mgongoni.

"Dada, nipo huku. Mbona umeacha kunihesabia?"

Filemon alikanyaga mafuta. Dominika aliangalia mikono yake, iko kifuani kwa mtoto wa watu, haiwezi kutoka.

"Kumi na nane," alisema, akilia. "Kumi na tisa."