Kadi ya Mama Mkwe

Ngo.

Mara moja tu, usiku, kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe. Vaileth akaketi kitandani, akasikiliza. Ilikuwa sauti ya adabu, ya mgeni anayebisha hodi. Lakini ilitokea ndani. Na mle ndani bibi alilala peke yake. Miguu yake haikuweza kumfikisha mlangoni bila kushikwa mkono.

Kisha bibi akajibu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Jina langu sikuambii. Nenda."

Ikawa hivyo wiki tatu. Asubuhi mama mkwe alieleza bila kuulizwa: yupo jini, ananuka vitunguu vilivyooza, anataka jina. Hawezi kumchukua mtu ambaye hajatajiwa jina lake, basi yeye humzungusha kwa maneno mpaka kunakucha. Vaileth, aliyekwenda shambani kila alfajiri bila kufumba macho, alimpigia simu mumewe Cleopa, mpishi wa madereva wa malori kule Mikumi. Cleopa akasema huo ni uzee, dawa zipo, mpeleke Kilosa mjini. Vaileth akaenda peke yake. Kumpandisha bikizee pikipiki kutoka Lumuma, kwa mashimo yale, aliona ni kazi bure.

Kwenye dirisha la hospitali muuguzi akauliza jina la mgonjwa. Hapo Vaileth akakwama. Kwao milimani mkaza mwana hatamki jina la mama mkwe, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kulitamka, hata katika sala. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Akataja jina lake mwenyewe, umri thelathini na nne, halafu akayasema ya mama mkwe kama yake: ni mimi ninayesikia mtu usiku, ni mimi ninayemjibu.

Muuguzi akaandika kwenye kadi. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.

"Usimpe mtu mwingine, dada. Nyumbani kuna mzee? Mzee ningemwanzishia robo, tena nimwone kila wiki. Dawa hii huwakaza wazee shingo, wakashindwa kumeza. Wengine hawaamki."

"Hakuna mzee," alisema Vaileth.

Siku ya kwanza mama mkwe alisinzia juu ya uji. Siku ya tatu shingo yake ilikakamaa, mate yakamtiririka kidevuni, vidole vikawa vinasokota uzi usiokuwepo. Aliomba kwa ulimi mzito.

"Mwanangu, acha. Nisipomjibu mimi, atakuja kwako."

"Meza, mama. Nataka kulala."

Akambana pua mpaka kidonge kikashuka. Siku ya tano bibi hakuwa na neno tena, alikuwa na macho tu, na usiku ule Vaileth alilala usingizi mtamu kuliko wowote tangu aolewe.

Siku ya sita, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya bati na watoto wa jirani wakicheza uani kwao, Vaileth alikuwa sebuleni akichambua maharage. Mlango wa mama mkwe ukagongwa kwa ndani, ukafunguka wenyewe, na harufu ya vitunguu vilivyooza ikamjaa mdomoni kabla haijafika puani.

"Vaileth," sauti ilisema, kwa upole. "Jina uliniambia mwenyewe, dirishani, mbele ya watu. Ni wewe unayenisikia."

Alitaka kukimbia, lakini ungo ulimponyoka, maharage yakatawanyika, na shingo yake ikaanza kuvutwa kuelekea begani, polepole, kama kamba inayokazwa na mtu asiye na haraka, taya likashikana, mate yakamtoka, vidole vyake vikaanza kusokota uzi usiokuwepo, na kila alipotaka kupiga kelele ulimi ulizidi kuwa mzito, ukanenepa, ukalala kinywani kama nyama ya mtu mwingine.

"Nipe jina la yule pale," sauti ilisema, "nami nikurudishie lako."

Kupitia mlangoni alimwona mama mkwe kitandani, amekauka kama gogo, macho yamemtoka. Alisikia kila kitu. Midomo yake ilitetemeka ikitafuta neno la kukataa, lile alilolisema usiku baada ya usiku bila kuchoka, na neno halikuja, kwa kuwa asubuhi ile Vaileth alikuwa amempa kidonge na nusu ili awahi kulala.

Vaileth alimtazama. Ulimi ulikuwa umebakiwa na nafasi ya neno moja, labda mawili.

"Samahani, mama," angeweza kusema.

"Perpetua," alisema.